Moshi ndani ya kebini: ekzosi ya Hilux ya samaki imeoza

Mwezi huu barua za ekzosi zimekuwa nyingi kuliko za breki, sijui ni kwasababu masika yamepita na watu ndo wameanza kuchungulia chini ya magari yao au vipi. Nimechagua moja nimeijibu kwa urefu maana mambo yake yanawahusu wengi, nyingine nimezipitia fupi fupi kule chini.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa samaki hapa Tanga, nina pikapu Toyota Hilux ya 1994, injini ni 3L ya dizeli, nilinunua ikiwa mtumba na ilikuwa imeshatembea sana. Inabeba samaki na dagaa kutoka Deep Sea inapeleka Korogwe, Mombo mpaka Lushoto mara mbili kwa wiki. Ekzosi imeoza yote. Mwaka huu huu imeshachomelewa mara nne, kila fundi anaweka kiraka pembeni ya kiraka cha mwenzie, sa hivi inaunguruma kama mashine ya kusaga na kijana anayeendesha, mtoto wa dada yangu, anasema akipanda ule mlima wa Lushoto kichwa kinamuuma na macho yanawasha. Fundi wa jirani anasema ataniwekea bomba la maji lile zito la mabati litadumu milele, mwingine anasema tuagize kamili toka Dar, mwingine anasema bado kiraka kimoja tu itakaa sawa. Nimechoka kutoa hela. Nifanye nini, na kwanini yangu inaoza haraka hivi wakati jirani ana Hilux kama hii hii na ya kwake ni nzima?

JIBU: Dada yangu, salama kabisa, pole kwa gharama. Kabla ya bomba tuongelee huyo kijana kwanza. Gari isipande Lushoto tena mpaka ekzosi itengenezwe, na kama lazima samaki waende basi kodi gari nyingine hiyo wiki moja. Moshi wa injini una gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, ikiingia kwenye damu inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndo maana mtu anaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, alafu anasinzia, na mtu anayesinzia kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto sina haja ya kukuambia anaishia wapi. Ni kweli injini ya dizeli inatoa hiyo gesi kidogo kuliko ya petroli, wengine watakuambia hivyo ili usiogope, ila masizi yake nayo si ya kuchezea, tangu 2012 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Na moshi unaingiaje? Mwambie kijana ainue kapeti ya kebini. Sakafu ya hizi Hilux ina matundu ya kiwandani yanazibwa na vifuniko vya mpira, gari za umri huu nusu ya vifuniko vimeshapotea. Alafu aangalie mpira unaovaa kwenye shina la gia, ukichanika pale ni dirisha wazi kabisa juu ya bomba. Na kama ana tabia ya kufungua kioo cha nyuma ili apate upepo, aache, gari ikitembea nyuma yake panabaki na hewa inayovuta na moshi unarudi mbele kupitia hicho kioo. Hivyo vimpira ni hela ndogo sana, vibadilishe siku hiyo hiyo ya ekzosi.

Sasa kwanini yako inaoza na ya jirani haiozi. Naomba ufanye kitu kimoja, ingia chini ya gari ikiwa imepoa, angalia kutu imeanzia wapi. Ekzosi ina maji ya aina mbili. Maji ya kwanza yanatoka ndani yake yenyewe, watu wengi hawajui kwamba lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu lita nzima ya maji, yanatoka kama mvuke. Gari ikienda safari ndefu bomba linapata moto na mvuke unatoka wote nje, lakini gari ya kuzunguka mtaani, dakika tano inazimwa, mvuke unapoa unageuka maji ndani ya sailensa yanachanganyika na masizi na salfa ya mafuta yanakuwa kama tindikali, yanakula tumbo la sailensa toka ndani. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, nchi za Afrika Mashariki ndo zikakubaliana kushusha mpaka sehemu 50 kwa kila milioni kuanzia 2015. Kwahiyo ukikuta kutu imekula upande wa chini, kwenye tumbo, hayo ni maji ya ndani.

Ila wewe gari yako inakwenda Lushoto, hiyo ni safari ndefu, bomba linachemka vizuri. Mimi naweka dau kutu yako iko mgongoni, upande wa juu, unaoangalia bodi. Hapo ni maji ya pili, ya samaki. Barafu inayeyuka njiani, inachanganyika na chumvi na damu, inapita kwenye matundu ya bodi inadondokea juu ya bomba lenye moto, maji yanakauka papo hapo chumvi inabaki, kesho tena, keshokutwa tena. Jirani yako sijui anabeba nini, labda saruji au machungwa ya Muheza, lakini siyo samaki. Ukimuazima kazi yako ya samaki miezi sita naye ataniandikia barua.

Hapo utaelewa na kwanini viraka havishiki. Bati likishaliwa na kutu linabaki jembamba kama karatasi, ukiweka moto wa kuchomelea pembeni linatoboka, fundi anaongeza rodi, pembeni panaungua zaidi. Ni kama kushona kiraka kwenye kanga iliyochakaa, uzi ni mzima ila nguo inachana kando ya uzi. Nilishawahi mimi mwenyewe kutembea na kopo la maziwa ya unga limefungwa kwa waya juu ya tundu, nikapaka na simenti ya ekzosi nikajiona mjanja, ikatoka wiki ya pili nikiwa na wageni ndani ya gari.

Ujue kwanza kilichobaki kizima. Chukua bisibisi kubwa, mpini wake ugonge bomba kuanzia mbele karibu na injini kwenda nyuma taratibu. Chuma kizima kinalia ting ting, chuma kilichooza kinatoa sauti ya bup, kama kugonga boksi, na unga mwekundu unadondoka machoni kwahiyo vaa miwani. Alafu washa injini ikiwa baridi, mtu ashike tambara lililoloa azibe mdomo wa nyuma kwa sekunde chache tu, kwa mkono wenye glovu, wewe usikilize, panapovuja patalia psss na mara nyingi pana alama nyeusi ya masizi. Manifoldi, ile ya chuma cha kumimina inayokusanya moshi kule kwenye injini, huwa inadumu, mara nyingi inabaki. Bomba la mbele linaloshuka toka kwenye manifoldi, sailensa, na bomba la nyuma, kwa maelezo yako vyote hivyo ni vya kutoa. Usibakishe hata kipande kimoja kwa huruma, kile kilichobaki ndo kitakurudisha gereji mwezi ujao.

Kuhusu bomba la maji. Anayekuambia litadumu milele hana nia mbaya, ila sikubaliani naye. Moja, lile bomba lina zinki juu yake, likichomelewa zinki inaungua inatoa moshi mweupe, fundi akiuvuta jioni anashikwa na homa na baridi kama ya malaria, mafundi wengi wanakunywa maziwa wanasema inasaidia, haisaidii, dawa ni kusaga ile zinki yote kwa grenda kabla ya kuchomelea na kukaa penye upepo. Pili, pale uliposaga zinki haipo tena, kwahiyo kutu inaanzia kwenye mshono. Tatu ni uzito, bomba la maji ukuta wake ni mnene mara mbili ya bomba la ekzosi au zaidi, lote hilo linaning'inia kwenye vimpira na kwenye boliti za manifoldi, gari ikipita matuta linavuta mpaka siku manifoldi ipasuke, na manifoldi ndo gharama. Na wale wanaotumia bomba la viti vya chuma, lile jembamba, hao ndo wabaya zaidi, miezi michache limetoboka.

Bomba sahihi ni la ukuta wa milimita moja na nusu hivi. La chuma cha kawaida ni rahisi na kila fundi analijua. Lipo lenye mipako ya aluminiamu, linang'aa kidogo kama sufuria, linastahimili zaidi. Alafu stenlesi, na hapa watu wanapigwa sana. Ile inayoitwa 409 ina kromu kama asilimia 11, nafuu kidogo, itapata rangi ya kahawia juu lakini haitobokitoboki, na ile 304 yenye kromu 18 na nikeli 8 ndo inabaki inameta. Ukiona stenlesi inanasa sumaku usimwite muuzaji mwizi moja kwa moja, 409 inanasa, ila kama amekuuzia kwa bei ya 304 basi hapo mna mazungumzo. Kwa biashara yako mi ningechukua lenye aluminiamu, au 409 kama fundi wako ana rodi za stenlesi, maana wengine wanachomelea stenlesi kwa rodi za kawaida alafu mshono unaoza bomba linabaki zima, hasara tupu. Kwa Dar, pale Gerezani mafundi wa mabomba wamejaa, ukituma mtu atapata kila saizi, bei uliza kwa watatu kabla hujatoa hela.

Sailensa ya mtumba toka Japani siikatai ila itikise kwanza. Ikilia kama ina njugu ndani, vibati vya ndani vimeshakatika, iache. Na gari nyingi za mikoa ya kaskazini ya Japani kule kwenye theluji zinapita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, zinafika huku, juu zinameta, chini zimeliwa, spea zake hivyo hivyo.

Saizi ya bomba usikisie, pima kipenyo cha nje cha bomba la zamani mahali palipo pazima, sio pale penye kutu palipovimba.

Sasa kazi yenyewe, hata kama hufanyi wewe simama hapo uone. Jioni ya siku ya kwanza gari ikiwa imepoa, nati zote za flanji, yale masikio ya kuungia bomba na bomba, zisuguliwe kwa brashi ya waya zipigwe mafuta ya kulegeza kutu, mafuta ya taa yakichanganywa na oili nyepesi yanasaidia kama hela haipo, ziachwe zilale. Asubuhi zipigwe tena. Gari iwekwe sehemu tambarare, matairi yawekewe mawe, inyanyuliwe kwa jeki alafu ikae juu ya stendi, jeki peke yake mtu asiingie chini, nimeshazika rafiki kwa ajili hiyo sitaongeza neno. Nati ikigoma isilazimishwe na bomba refu, izungushwe robo kufungua, robo kufunga, mafuta, tena na tena, ikigoma kabisa ipigwe moto nati yenyewe, sio boliti, nati inatanuka inaachia. Moto huo uwe mbali na mipira na paipu za breki na tangi, na ndoo ya mchanga iwepo hapo, sio iko dukani.

Vimpira vya kuning'inizia vivuliwe kwa maji ya sabuni, vitateleza vyenyewe, mafuta yanavioza. Kwa vile ni vya zamani nunua vipya tu.

Na hili naliandika kwa herufi ndefu kama ningeweza: BOMBA LA ZAMANI LISITUPWE. Likitoka lilazwe chini kwa umbo lake lile lile, vipande vyake vikae mahali pake, hicho ndo kipimo cha bomba jipya. Mimi niliwahi kupeleka gari mahali, nikaenda kunywa chai, kurudi vijana wameshauza bomba langu kwa wanunua vyuma chakavu, kilo kadhaa za hela ya soda, wakaanza kupinda jipya kwa kukisia. Ile gari kila ikipita tuta ilikuwa inagonga chasisi dang, dang, kwa miaka miwili mpaka nilipoiuza, na aliyenunua akaniuliza ni nini nikamwambia ni barabara.

Kupinda, kama hakuna mashine, njia ya mafundi wetu ni nzuri tu, bomba linajazwa mchanga linazibwa kwa mbao huku na huku, linapigwa moto mahali pa kona linapindwa taratibu, mchanga unazuia lisibonyee. Lakini mchanga uwe MKAVU, ukaangwe kwanza, ukiwa na unyevu mvuke unafyatua ile mbao kama risasi. Ukiona kona imekunjika kama sketi ya marinda ikatae, moshi unabanwa pale na injini inakosa nguvu mlimani.

Kufunga kunaanzia mbele kunarudi nyuma. Gasketi mpya, za zamani hazirudi hata kama zinaonekana nzuri, nati za shaba kama zipo maana hazigandi na kutu. Kila kitu kifungwe kwa vidole tu kwanza, bomba lining'inie lote, alafu fundi ashikize matone mawili matatu kwenye kila kiungo, sio kuchomelea kote. Washa injini. Zima. Hapo ndo uangalie kwa makini, injini ya dizeli ikizimwa inajitikisa, bomba linacheza nalo, liangalie kama linagusa propela (ile shafti ndefu inayozunguka chini ya gari), chasisi, paipu za breki au tairi la spea lililoning'inia kule nyuma. Nafasi ya vidole viwili inatosha. Likiwa sawa lote linashushwa, linachomelewa mzunguko mzima likiwa chini, mbali na gari, mbali na tangi. Kama kuna mahali lazima pachomelewe bomba likiwa kwenye gari, waya hasi wa betri utolewe ili alteneta isiungue, na klampu ya mashine ishike bomba lenyewe karibu na mshono, sio kwenye ekseli au gia boksi, umeme ukipita kwenye beringi unazila kimya kimya na utakuja kuzisikia baadae.

Bomba la nyuma lifike mwisho wake wa kiwandani, lipite tairi la nyuma. Mafundi wanapenda kulikatia chini ya bodi kuokoa nusu mita ya bomba, alafu moshi unakaa pale chini unarudi kebini na kwenye mzigo, utashangaa wateja wa Lushoto wanasema dagaa wako wana harufu ya dizeli.

Sailensa nyingi zina kitundu kidogo sehemu ya chini kabisa cha kutolea maji, kama milimita tatu hivi. Sio tundu la kutu, fundi asiwe na bidii ya kuliziba.

Siku ya pili baada ya safari fupi, nati zikazwe tena zikiwa baridi. Na mwambie fundi aangalie mauntingi za injini, mipira inayobeba injini. Zikiwa zimekufa injini inacheza kupita kiasi inavunja bomba jipya pale pale kwenye flanji ya mbele, alafu mtalaumu chuma. Gari ya 1994 ambayo hazijawahi kubadilishwa, mi ningezibadilisha bila kuuliza.

Mwisho ni yale maji ya samaki, usipoyashughulikia hata 304 haitakuokoa na chasisi yenyewe inafuata. Weka turubai zito chini ya makreti lipande juu pembeni kama beseni, nyuma kwenye kona moja toboa uweke mpira wa maji unaomwaga nyuma ya bampa, sio chini ya gari. Ukirudi Tanga jioni chini ya gari pamwagiwe maji baridi ya bomba, ekzosi ikiwa imeshapoa, dakika kumi tu. Rangi ya kustahimili joto unaweza kupaka kwenye bomba jipya, ile iliyoandikwa nyuzi 600, maana karibu na injini joto linaweza kupita 500 gari ikiwa na mzigo mlimani. Oili chafu usipake, watu wanapaka kwenye chasisi sawa, kwenye ekzosi ni moshi na harufu na siku mbaya ni moto.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Likoni, Mombasa, nilikuwa nafungua bomba la mbele la pikapu yangu mwenyewe nyumbani, boliti mbili zikakatika, zimebaki kwenye manifoldi. Nimeharibu?

JIBU: Marahaba mwanangu, hujaharibu, umejiunga na sisi. Kama kipande kimebaki nje hata kidogo, weka nati kubwa kidogo juu yake, fundi achomelee kwa ndani ya nati, ule moto wenyewe unalegeza kutu, subiri nyekundu iishe uzungushe kwa spana taratibu. Kikiwa kimekatikia ndani inabidi drili, kuanzia katikati kabisa kwa kimisumari kidogo cha kuweka alama, drili nyembamba kwanza, ukikosa katikati unakula nyuzi za manifoldi, yale meno yanayoshika boliti. Hapo kama mkono si mzoefu ivue manifoldi nzima upeleke kwa mtu mwenye mashine ya kusimama, ni usumbufu lakini ni rahisi kuliko kutafuta manifoldi nyingine. Sehemu nyingi za hizi gari boliti zinapita moja kwa moja, kwahiyo angalia nyuma kwanza, unaweza kuwa unahangaika na kitu unachoweza kukigonga kikatokea upande wa pili.

SWALI: Bro mi niko Dodoma, nina Hilux single ya zamani 2.8 nataka nitoe sailensa niweke bomba tupu, washkaji wanasema inaongeza nguvu na mlio unakuwa mtamu. Unashaurije?

JIBU: Mdogo wangu, hiyo injini haina tabo (turbo, ile ya kusukumia hewa), ikiwa mpya kabisa ilikuwa na farasi 90 na kitu, na umri wake unajua mwenyewe. Utakachoongeza ni kelele, injini itahisi ina nguvu kwasababu masikio yako yanadanganywa. Kama unataka nguvu ya kweli angalia chujio la hewa, nozeli za kunyunyizia dizeli, na muda wa pampu ya dizeli, alafu angalia kama sailensa uliyonayo haijaziba ndani, hilo linatokea sana na likiondolewa ndo watu wanasema kutoa sailensa kunaongeza nguvu, kumbe sailensa ilikuwa imekufa. Trafiki sijamtaja, majirani zako saa kumi na moja alfajiri sijawataja.

SWALI: Habari fundi, mimi ni dada wa Kibaha nina pikapu ya petroli ya miaka ya karibuni. Nilipeleka ekzosi ichomelewe, fundi akaniambia ile sehemu yenye kama sega la nyuki ndani imeziba akaikata akaweka bomba, akasema hanidai hela ya kazi. Nilifurahi ila mume wangu amekasirika, kwanini?

JIBU: Shemeji yuko sahihi dada. Kile ni katalisti, ndani yake lile sega limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ghali, yananunuliwa na watu wanaozunguka gereji kwa kazi hiyo tu. Fundi hakukudai kwasababu ameshalipwa na gari yako. Inawezekana kweli ilikuwa imeziba, inatokea, lakini iliyoziba ni mali yako, angekupa mkononi. Sasa taa ya injini ikiwaka usishangae, ile sensa (kihisi) ya nyuma inaona moshi haujasafishwa. Rudi ukadai kistaarabu, mpeleke na shemeji.

SWALI: Fundi, asubuhi nikiwasha gari bomba la nyuma linatoa maji, matone matone, alafu linaacha. Fundi wa mtaani kasema gasketi ya silinda hedi imekwenda, anataka afungue injini. Kweli?

JIBU: Soma jibu la mama wa Tanga hapo juu, maji ni sehemu ya moshi wa gari yoyote nzima, asubuhi bomba ni baridi mvuke unageuka maji yanadondoka, likipata moto yanaacha. Gasketi ikiwa imekwenda utaona moshi mweupe mzito hata injini ikiwa ya moto na unaendelea, maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja popote, mapovu kwenye rejeta injini ikiunguruma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kesho asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta mwenyewe uangalie kama maji yamefika juu, fanya hivyo siku tatu mfululizo bila kuongeza. Kama hayajashuka, mwambie huyo fundi asante, utampigia.